Idodomya: Jina, Kauli na Ngonjera katika Makao Makuu ya Tanzania

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna Dodoma inavyosemwa katika Kiswahili: katika simulizi za asili ya jina lake, katika lugha ya mipango na sheria iliyoufanya mji huo kuwa makao makuu ya nchi, na katika fasihi ambayo kwa sehemu kubwa imeendelea kuishi Dar es Salaam. Hoja kuu ni kwamba mjadala wa kuhamia Dodoma umeendeshwa kwa umbo la ngonjera, yaani majibizano ambayo mwisho wake unajulikana kabla hayajaanza, na kwamba umbo hilo halikumwachia mwenyeji nafasi ya kusema. Maandishi ya Mathias Mnyampala, Mgogo aliyeasisi ngonjera, yanatumika kuonyesha kwamba Kiswahili kilikuwa na njia nyingine ya kuisema nchi hiyo karibu miaka 20 kabla ya uamuzi wa 1973.

Ndovu na mikia

Kuna simulizi mbili maarufu kuhusu asili ya jina Dodoma, na mara nyingi ni moja tu inayochapishwa katika vijitabu vya wageni. Ya kwanza ni ya ndovu aliyekwenda kunywa maji katika kijito cha upande wa Kikuyu, akanasa katika tope na kuzama. Waliomwona wakasema kwa Kigogo, idodomya, yaani amezama. Ya pili ni ya ng'ombe. Inasemekana watu wa mahali hapo waliiba kundi la ng'ombe wa majirani zao wa kusini, Wahehe, wakawachinja na kuwala, wakabakiza mikia tu. Wenye mali walipofuatilia nyayo, walikuta mikia imesimama katika eneo la tope, na wenyeji wakawaonyesha: tazameni, ng'ombe wenu wamezama. Idodomya.

Mwanahistoria ana haki ya kuziweka kando simulizi zote mbili kwa kukosa ushahidi. Mhakiki wa fasihi hana haki hiyo, kwa sababu simulizi ya jina haitathminiwi kwa ukweli wa tukio peke yake. Inatathminiwa pia kwa kile inachomfanyia msemaji. Katika simulizi ya ndovu, jina ni maelezo ya tukio la asili: mnyama alizama, watu wakashuhudia, mahali pakapata jina. Hakuna anayedaiwa wala anayedai. Katika simulizi ya mikia, jina ni kauli iliyotamkwa na mtu kwa mtu, katika hali ya hatari, kwa nia mahsusi. Ni tendo uneni kamili: wapo wasemaji walioshiba nyama, wapo wasikilizaji wenye madai, na lipo neno moja linalotakiwa kuyamaliza madai hayo bila mkuki. Kwa maneno mengine, simulizi ya pili inasema kwamba mji huo umepewa jina na uongo mzuri uliotolewa kwa mgeni aliyekuja kudai chake.

Si ajabu kwamba ndovu ndiye aliyeshinda. Mamlaka yoyote inayotafuta hadhi ya mji itamchagua mnyama mkubwa asiye na hatia badala ya wezi wa mifugo. Hata hivyo, simulizi ya mikia ndiyo yenye uzito wa kifasihi. Inamweka mwenyeji katika nafasi ya msemaji, tena msemaji mwerevu, na inamweka mtu wa nje katika nafasi ya kusikiliza na kuondoka mikono mitupu. Itaonekana katika sehemu zinazofuata kwamba hiyo ni nafasi ambayo mwenyeji wa Dodoma hajaipata tena katika maandishi ya Kiswahili kuhusu makao makuu.

Msomaji wa Kiswahili atakuwa pia amelisikia neno didimia nyuma ya idodomya. Maneno yote mawili yanarudiarudia sauti za namna moja na yote yanahusu kushuka chini na kutoonekana. Mfanano huo peke yake hautoshi kuthibitisha nasaba, na haufai kutumiwa hivyo. Lakini mfanano wa sauti una athari katika usomaji hata pasipo nasaba, na mtu anayejua kwamba uchumi hudidimia hawezi kulisikia jina la makao makuu ya nchi kwa sikio tupu.

Nchi ya kupita

Katika maandishi ya watu wa pwani, Ugogo ni nchi ya kupita. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilivuka kwanza nyika kavu ya Marenga Mkali, kisha ikaingia Ugogo, ambako watawala wa mahali walidai hongo kwa ajili ya njia na maji. Simulizi zilizokusanywa na Carl Velten katika Safari za Wasuaheli (1901) zimesimuliwa kwa jicho hilo la msafara: mahali hupimwa kwa umbali wa kisima kinachofuata, na watu wake hupimwa kwa kiasi wanachodai. Historia ya neno lenyewe hongo inastahili kutazamwa. Kwa mtawala aliyelipokea, lilikuwa malipo halali ya mgeni anayetumia maji ya wenyewe katika nchi yenye maji haba. Kwa mlipaji lilikuwa usumbufu. Kiswahili cha leo kimebaki na hisia ya mlipaji: katika matumizi ya kila siku hongo ni rushwa tu, na kumbukumbu ya uhalali wake imefutika.

Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914, iliweka stesheni mahali hapo na kuuzaa mji wa kikoloni, lakini haikubadili mtazamo. Stesheni nayo ni mahali pa kupita. Kisha zikaja njaa, kubwa kuliko zote ikiwa ile ya 1917 hadi 1920 ambayo Wagogo waliiita Mtunya, iliyotokana na ukame ukichanganyika na madai ya majeshi ya vita vya kwanza vya dunia juu ya chakula, mifugo na wapagazi. Baadaye ikajengwa hospitali ya magonjwa ya akili ya Mirembe, ambayo jina lake limeingia katika mzaha wa nchi nzima: anayesema jambo lisiloeleweka huambiwa ametoroka Mirembe. Kufikia uhuru, Kiswahili cha Dar es Salaam kilikuwa na akiba ya picha tatu za Dodoma, nazo ni ukame, wazimu na ombaomba. Hakuna hata moja kati yake iliyotungwa Dodoma.

Kuhama, kuhamia, kuhamishwa

Mwezi Oktoba 1973, baada ya suala hilo kujadiliwa katika matawi yake, TANU iliamua kwamba makao makuu ya nchi yahamie Dodoma. Sababu zilizotolewa zinajulikana: Dodoma iko katikati ya nchi, Dar es Salaam ni bandari iliyokuzwa kwa mahitaji ya mkoloni, na maendeleo ya bara yanahitaji kichocheo. Ilitarajiwa kwamba kazi hiyo ingechukua takriban miaka 10. Haikuwa mara ya kwanza kwa serikali ya nchi hiyo kuhama, kwani mwaka 1891 Wajerumani walikuwa wametoa makao yao Bagamoyo na kuyapeleka Dar es Salaam, mji ulioanzishwa na Sultani Majid wa Zanzibar katika miaka ya 1860 kando ya kijiji cha Mzizima. Kuhama kwa 1891 hakukuhitaji kushawishi mtu yeyote. Kuhama kwa 1973 kulihitaji maneno, na maneno hayo yanafaa kuchunguzwa kwa vipashio vyake.

Kiini ni kitenzi hama. Katika kauli ya kutendea, hamia, macho ya msemaji yako kule aendako mtendaji. Katika kauli ya kutendesha, hamisha, mtendaji anamwondoa mwingine. Katika kauli ya kutendeshwa, hamishwa, anayeondolewa anakuwa kiima cha sentensi bila ya kuwa na sauti ndani yake. Lugha ya serikali kuhusu Dodoma imetumia kauli zote tatu, ila kwa watu tofauti. Serikali huhamia. Watumishi huhamishwa, lakini kwa posho. Wagogo nao walikuwa wamekwisha kuhamishwa. Katika Operesheni Dodoma ya 1971, miaka miwili kabla ya uamuzi wa TANU, wakazi waliokuwa wametawanyika na mifugo yao walikusanywa katika vijiji vya ujamaa. Mtiririko huo hauonyeshwi sana katika maelezo ya makao makuu. Watu walisogezwa kwanza, serikali ikatangaza kuja baadaye, na ramani ya mipango ikazungumzia eneo lenye nafasi ya kutosha kana kwamba nafasi hiyo ilikuwapo tangu kuumbwa kwa ardhi.

Viambishi vya njeo navyo vina historia yao. Katika miaka ya 1970 serikali itahamia. Kwa zaidi ya miongo minne baada ya hapo serikali inahamia, na kiambishi -na- kilibeba mzigo ambao hakijawahi kuubeba katika sarufi yoyote: tendo linaloendelea bila ya kusogea. Bunge lilitangulia kuwa na makao yake Dodoma mwaka 1996. Julai 2016 Rais John Magufuli alitangaza kwamba serikali yake ingehamia kabla ya kipindi chake kuisha. Tarehe 26 Aprili 2018 Dodoma ilitangazwa kuwa jiji, na mwaka huohuo Bunge likatunga sheria iliyoitambua kuwa makao makuu ya nchi. Mji wa Serikali ulijengwa Mtumba, na Ikulu mpya ya Chamwino ikazinduliwa Mei 2023. Hapo ndipo -me- ilipoingia: serikali imehamia. Kwa muda wa miaka 45 hivi, uamuzi uliokuwa na nguvu zote za kisiasa haukuwa na sheria iliyoutaja mji wenyewe. Ulikuwa umesimama juu ya kitenzi.

Nomino iliyotumika inafaa kupewa uzito uleule. Jina la Kiswahili la chombo kilichoundwa mwaka 1973 kusimamia ujenzi lilikuwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ilhali jina lake la Kiingereza, ambalo herufi zake CDA ndizo zilizokaa midomoni mwa watu hadi kilipovunjwa mwaka 2017, lilitaja mji mkuu. Tofauti si ndogo. Mji mkuu ni mji, yaani una watu, masoko, makaburi na majirani. Makao makuu ni mahali anapokaa mkubwa. Chama kina makao makuu, jeshi lina makao makuu, hata kampuni ya bima ina makao makuu. Kwa kulichagua neno hilo, Kiswahili cha chama kililipa taifa msamiati wa ofisi. Ajabu yake ni kwamba mzizi wenyewe, kaa, ungeweza kuzaa fikra nyingine kabisa, kwa kuwa ndio mzizi wa mkaazi, makazi na ukaazi. Makao yanaweza kuwa ya yeyote anayekaa. Kivumishi -kuu ndicho kilichoyapeleka kwa mkubwa.

Msamiati wa mamlaka una vichekesho vyake pia, na si haramu kuvitaja hapa. Ikulu ni neno la Kinyamwezi, makao ya mtemi. Kwa miongo mingi neno hilo la bara lilikaa ufukweni Magogoni, likisubiri kurudi karibu na lilikotoka. Kuna simulizi inayodai kwamba jina Wagogo lilitolewa na wasafiri wa Kinyamwezi waliowaona watu wa nchi hiyo wamekaa juu ya magogo. Kiswahili, kwa upande wake, humwita mkubwa wa serikali kigogo. Basi vigogo wakatoka Magogoni wakaenda Ugogo. Etimolojia za aina hii hazithibitishi chochote, lakini zinaonyesha kwamba Kiswahili kilikuwa na mali ya kutosha ya kuutania uhamisho huo, na kimeitumia kidogo mno.

Ngonjera ya makao makuu

Mathias Mnyampala (1917–1969) alizaliwa Ugogo mwaka ambao Mtunya ilianza, na alifariki miaka minne kabla ya uamuzi wa TANU. Historia ya fasihi inamkumbuka kwanza kwa ngonjera, utungo wa majibizano unaokusudiwa kughaniwa na kuigizwa hadharani, ambao aliukuza katika kipindi ambacho Azimio la Arusha la 1967 lilihitaji wa kulieneza. Vitabu viwili vya Ngonjera za UKUTA vilitoka mwaka 1970 na 1971, baada ya kifo chake, na umbo hilo likasambaa katika shule za Tanzania kwa kasi ambayo hakuna bahari nyingine ya ushairi iliyowahi kuifikia.

Umbo la ngonjera linafahamika. Wapo wahusika wawili au zaidi wenye maoni tofauti. Mmoja hajui au anashuku, mwingine anajua. Asiyejua anauliza, anapinga, anapewa mifano, na mwishowe anakubali na kushukuru. Uhodari wa mtunzi unaonekana katika jinsi anavyoupa upinzani nguvu ya kutosha ili ushindi usionekane wa bure. Mnyampala mwenyewe aliufahamu ugumu huo na katika tungo zake bora mshukaji anasema mambo yenye uzito. Waigaji wake, hasa katika ngonjera za mashuleni na za sherehe, hawakujali. Mshukaji wao ni mjinga tangu ubeti wa kwanza, na hadhira inamcheka huku ikisubiri asalimu amri.

Mjadala wa Dodoma ulifuata umbo la waigaji. Upande mmoja ulisimama sauti ya Dar es Salaam: Dodoma ni kavu, kuna vumbi, gharama ni kubwa, shule za watoto ziko wapi, hospitali iko wapi, nani atakwenda. Upande wa pili ulisimama sauti ya chama: ni katikati, ni bara, ni uhuru wa kweli, ni haki kwa mwananchi wa Kigoma na wa Mtwara kwa pamoja. Kila hoja ya kwanza ilijibiwa na kila jibu lilikuwa tayari. Lakini maisha hayakutoa ubeti wa mwisho unaotakiwa na umbo. Mshukaji alikubali hadharani, akapiga makofi, akabaki Dar es Salaam. Hilo ni jambo ambalo ngonjera haina nafasi ya kulionyesha: mhusika anayekubali kwa maneno yote na asitende. Tamthilia ingeliweza, riwaya ingeliweza. Ngonjera humaliza kazi yake pale tu kiitikio cha makubaliano kinapotamkwa, na kwa miaka 40 siasa ya makao makuu nayo ilimaliza kazi yake hapo.

Upungufu wa pili ni mzito zaidi. Katika majibizano hayo mna sauti mbili tu na zote ni za wageni. Mgogo hayumo. Anatajwa kama mnufaika atakayeletewa barabara, au kama sehemu ya mandhari pamoja na mibuyu na ukame, lakini hana ubeti. Ikiwa simulizi ya mikia ilimpa kauli iliyomshinda mgeni, ngonjera ya makao makuu ilimpa kimya. Kwamba umbo lililomnyamazisha liliasisiwa na Mgogo ni kinaya ambacho hakihitaji kupambwa.

Ni kosa, hata hivyo, kumhukumu Mnyampala kwa ngonjera peke yake. Mwaka 1954 alichapisha Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika, kitabu ambacho wanahistoria wamekitumia zaidi ya wahakiki, hasa baada ya tafsiri ya Kiingereza ya 1995 iliyohaririwa na Gregory Maddox. Si kitabu rahisi kusoma. Kinakwenda ukoo kwa ukoo, mtawala kwa mtawala, mahali kwa mahali, kwa mwendo wa karani anayeandikisha walipakodi, na mara nyingi msomaji anayetafuta kisa huachwa na orodha. Lakini orodha hiyo ina hoja, tena hoja ambayo mwandishi haitangazi. Ukoo baada ya ukoo, Mnyampala anaeleza watu walikotoka, na karibu kila mmoja umetoka kwingine: kwa Wahehe, kwa Wakaguru, kwa Wanyamwezi na kwa majirani wengine. Mgogo katika kitabu hicho ni mtu aliyekuja akakaa. Anafanywa Mgogo na ardhi, mvua yake na mifugo inayoweza kuishi juu yake, wala si na damu moja ya asili.

Hapo ndipo lilipo jibu la Kiswahili kwa lugha ya makao makuu, lililoandikwa kabla ya swali. Mipango ya miaka ya 1970 iliiona Dodoma kama kitovu cha duara, mahali panapostahili kwa sababu ya umbali wake kutoka kwingine kote. Mnyampala aliiona kama nchi ambayo kuhamia ni historia yake ya kawaida, na ambayo ina utaratibu wake wa kumfanya mhamiaji kuwa mwenyeji: kuomba ardhi kwa mwenye mvua, kuoana, kukopeshana ng'ombe, kuzika. Kwa kipimo hicho, serikali ni ukoo mwingine uliofika kutoka pwani. Swali la kuuliza ni kama ukoo huo umekaa, na kukaa kwa maana ya Mnyampala hakuthibitishwi kwa jengo.

Inaweza kupingwa kwamba kitabu cha 1954 kiliandikwa chini ya ukoloni, na mtumishi wa serikali, kwa namna iliyowapendeza watawala waliotaka kila kabila liwe na historia na mila zake katika juzuu moja. Pingamizi hilo ni la haki. Mnyampala anawapa watawala wa jadi mpangilio nadhifu kuliko unaoaminika, na wanawake katika kurasa zake hawaonekani inavyostahili. Lakini uandishi huo ulikuwa wa Kiswahili, ulifanywa na mwenyeji, na uliwahesabu watu kwa majina ya koo na mahali. Lugha ya mipango iliyofuata haikufanya hata hilo.

Riwaya na vipindi vya Bunge

Riwaya ya Kiswahili ya Tanzania Bara ililifanya jiji kuwa mada tangu miaka ya 1960, na jiji hilo ni Dar es Salaam. Kuanzia Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla (1965) hadi Dar es Salaam Usiku ya Ben Mtobwa (1990), jiji ni usiku, uhalifu, starehe, fedha inayopatikana haraka na kupotea haraka. Jina Bongo, ukubwa wa neno ubongo, lilianza kama sifa ya jiji ambalo mjinga hawezi kuishi, kisha likaenea likawa jina la nchi nzima. Dodoma haijawahi kupewa sinekdoki ya namna hiyo. Magazeti husema "Dodoma" yakimaanisha Bunge au vikao vya chama, na vijana husema Dom, lakini hakuna anayesema Dodoma akimaanisha Tanzania.

Maelezo yanayotolewa kwa kawaida ni ya idadi: sensa ya 2022 iliihesabia Dar es Salaam watu 5,383,728 na Jiji la Dodoma watu 765,179. Maelezo hayo hayatoshi. Fasihi haihitaji mamilioni ya watu ili ianze, na Dar es Salaam ya Katalambulla ilikuwa mji mdogo sana kuliko Dodoma ya leo. Sababu ya karibu zaidi ni kwamba uhakiki umeifanya Dar es Salaam kuwa kipimo cha ujiji. Unapofundisha kwamba riwaya ya jiji ina bandari, danguro, baa, na kijana anayeshuka kwenye basi kutoka kijijini, unamfundisha mwandishi asiuone mji usio na hivyo vyote kwa mpangilio huo.

Dodoma ina mpangilio wake. Muda wake haupimwi kwa usiku na mchana bali kwa vipindi vya Bunge: kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni, wakati wa Bunge la Bajeti, nyumba za wageni hujaa na kila meza ya mgahawa huwa ofisi, kisha mji unarudi kwa wenyewe. Ina mtumishi ambaye mwili wake uko Mtumba na familia yake iko Dar es Salaam, na ambaye treni ya umeme iliyoanza kwenda huko mwaka 2024 imemrahisishia zaidi kutohama. Ina mwenye shamba la mtama ambalo limepimwa likawa viwanja, na ambaye fidia imemfanya mpangaji katika ardhi ya babu yake. Ina mkulima wa zabibu anayelima tunda la sherehe katika nchi iliyojulikana kwa njaa. Ina mitaa inayoitwa kwa herufi, Area A, Area C, Area D, majina yaliyotoka kwenye meza ya mchora ramani yakaingia katika anwani za watu bila mtu kuona haja ya kuyabadilisha. Mtunzi anayelalamika kwamba Dodoma haina kisa anakusudia kwamba haina kisa cha Dar es Salaam.

Muziki uliliona hilo kabla ya riwaya, na ulilipa gharama yake. Hukwe Zawose, mpigaji wa ilimba na zeze aliyeupeleka wimbo wa Kigogo katika majukwaa ya dunia hadi kifo chake mwaka 2003, aliishi na kufundisha Bagamoyo, kwa sababu huko ndiko dola ilikoweka sanaa zake. Sauti ya Ugogo ilihamia pwani katika miaka ileile ambayo serikali ya pwani ilikuwa inahamia Ugogo. Tofauti ni kwamba sauti ilifika.

Yabaki majina ya mahali, ambayo ndiyo maandishi ya Kigogo yanayosomwa na watu wengi zaidi kuliko kitabu chochote: Nkuhungu, Nzuguni, Ntyuka, Iyumbu, Ihumwa, Mlimwa. Kigogo kina nazali zinazotamkwa kwa pumzi ambazo tahajia ya Kiswahili Sanifu haina herufi zake, na matokeo yake yanaonekana wazi katika jina la kata iliyo jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007. Huandikwa Ng'hong'honha, Nghong'onha, na Ng'ong'ona, wakati mwingine namna mbili katika barabara moja. Mpimaji huandika kama alivyosikia, mchora vibao huandika kama alivyopewa, na mwanafunzi aliyepanga chumba huko huandika jinsi simu yake inavyomruhusu. Mwenye nyumba hulitamka jina hilo kwa usahihi kila siku, na katika mkataba wa pango alioletewa akiwa hajauandika yeye, huweka dole gumba chini ya tahajia ya mtu mwingine.